Mrama, Arijojo na Ngoma ya Karagwe

Kiswahili kina maneno mengi ya kueleza jambo lililomshinda mwenyewe, na aghalabu yametoka baharini. Chombo kikipigwa na mawimbi kikalala huku na huku, husemwa kinakwenda mrama. Nahodha yumo, usukani anao, ila bahari imemzidi. Kwenda arijojo ni jambo jengine: ni tiara iliyokatika uzi, isiyo tena mkononi mwa mtu. Wasemaji wa siku hizi huyachanganya, na hiyo ni hasara.

Tofauti hiyo yafaa kupimwa mbali na pwani, katika ufalme wa Karagwe, ambao nchi yake leo ni wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, iliyomegwa mwaka 2012. Huko enzi haikuwa chombo wala usukani. Enzi ilikuwa ngoma, na aliyetawazwa husemwa amekula ngoma. Speke, aliyefika kwa Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, alisimuliwa kwamba alipokufa Dagara wanawe watatu walikidai kiti. Wakawekewa ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini imetiwa dawa ikawa nzito ajabu. Wawili iliwashinda, Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo. Rogero, nduguye, hakuridhika, akaingia vitani. Aliyemwokoa Rumanyika ni Musa, tajiri wa Kihindi wa Kaze, karibu na Tabora, kwa pembe za ndovu alizompa Suna wa Buganda ili alete msaada. Kwa lugha ya mabaharia, hapo enzi ilikwenda mrama: mwenyewe yumo, kazidiwa.

Baadaye Rumanyika alifariki. Kayenje, aliyemfuata, hakudumu. Ndagara alikuwa mtoto bado, basi Kakoko akashika enzi, akawaua nduguze wengi, hata naye akauawa. Ni wepesi kusema kwamba Karagwe ilikwenda arijojo, lakini neno halikai sawa. Uzi haukukatika, ulikuwa mkononi mwa Kakoko, tena umekazwa. Aliyekosa wa kumzuia ni mshikaji mwenyewe. Kwa mtu wa namna hiyo pwani ina neno lisilo na bahari ndani yake: hakujimudu. Stanley alipopita tena Karagwe mwaka 1889, mwenye ngoma alikuwa Ndagara.