Taiming cheni imelegea? Haya ndiyo ya kukagua kabla ya kufunga injini

Bodaboda inayotoka Mtowisa, bondeni mwa Ziwa Rukwa, kwenda Sumbawanga mjini hupanda safu ya Lyamba lya Mfipa kwa gia ndogo, kisha hurudi ikishuka. Injini inayofanya kazi hiyo kila siku huchoka. Hufunguliwa, inawekwa pistoni na ringi mpya, inafungwa, inawaka, lakini kelele ni ile ile. Mara nyingi kilichosahaulika ni taiming cheni.

Cheni hii huunganisha krenki na kemshafti ili valvu zifunguke na kufunga kwa wakati. Krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja. Boxer na TVS HLX zinayo. Pikipiki nyingi za Kichina zenye injini ya CG hazina; valvu zake husukumwa na fito.

Kabla ya kufungua

Cheni iliyolegea hulia kama chuma kinachokwaruza, upande mmoja wa silinda, hasa injini ikiwa sailensa au dereva anapoachia mafuta ghafla. Valvu zenye nafasi kubwa hulia tik-tik juu kwenye hedi. Pistoni iliyolika hugonga zaidi pikipiki ikibeba mzigo.

Injini ikiwa wazi

1. Alama ya T kwenye magneti ilinganishwe na alama ya gia ya kemshafti. Ya chini ikikaa sawa na ya juu ikapitana, cheni imerefuka au imeruka jino.

2. Tensheni itolewe na kutazamwa. Ikiwa imejisukuma hadi mwisho, cheni imekwisha. Ikiwa ni ya meno na inarudi ndani kwa kusukumwa na kidole tu, tensheni yenyewe ndiyo mbovu.

3. Cheni ya zamani ininginizwe kando ya mpya. Urefu ukitofautiana, isirudishwe.

4. Meno ya gia yaliyochongoka hula cheni mpya haraka. Vibadilishwe pamoja.

5. Reli za plastiki zinazoongoza cheni zisiwe na mifereji mirefu wala mipasuko. Vipande vyake vikionekana kwenye oili, visakwe vyote.

Tensheni ikiwa nje, krenki isizungushwe ovyo, na cheni ifungwe kwa waya isitumbukie chini.

Kabla ya kuwasha

Baada ya kufunga, krenki izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha alama zitazamwe tena. Ikikwama, isilazimishwe: huenda valvu inagusa pistoni.

Hapo ndipo hasara ilipo. Cheni ikiruka meno njiani, valvu zinaweza kupinda na kutoboa pistoni iliyonunuliwa juzi, na dereva akabaki mlimani na abiria wake. Oili ikipungua au ikichelewa kubadilishwa, hata cheni mpya haidumu.