Majani ya mdimu yanaponata: chanzo na tiba yake

Mdimu uliopandwa uani huweza kustawi vizuri, kisha ghafla majani yake yakaanza kung'aa kana kwamba yamemwagiwa sharubati. Yakiguswa hunata, na baada ya wiki chache hufunikwa na weusi mfano wa masizi. Wengi hudhani mti umeshikwa na ukungu, wakanunua dawa ya ukungu au wakaukata. Kumbe chanzo ni wadudu wanaofyonza utomvu.

Utomvu wa mti una sukari nyingi na viini vichache vya protini. Ili apate protini ya kumtosha, mdudu hulazimika kufyonza kwa wingi, na sukari inayozidi huitoa kwa njia ya matone. Wadudu wengi hujificha chini ya jani, na matone hudondokea majani yaliyo chini yao. Hivyo jani linalonata si lazima liwe ndilo lenye wadudu. Yafaa kutazama lile lililo juu yake. Weusi ni ukungu unaoota juu ya sukari hiyo. Hauingii ndani ya jani, lakini hulinyima mwanga.

Jinsi ya kuwatambua

Vidukari hukaa kwa makundi kwenye machipukizi, na majani machanga hujikunja. Vidung'ata hufanana na vipande vya pamba vilivyobanwa kwenye maungio ya matawi. Wadudu magamba ni vijigamba vya kahawia au kijani vilivyogandia kwenye vijiti na mshipa mkuu wa jani. Havitembei, ila hubanduka kwa ukucha. Nzi weupe huruka kama vumbi tawi linapotikiswa.

Msururu wa sisimizi wanaopanda na kushuka shinani nao ni dalili. Sisimizi hula sukari hiyo, na kwa kuithamini huwalinda wafyonzaji dhidi ya maadui wao.

Tiba

Kwanza, kata vijiti vilivyoshambuliwa zaidi, kisha rushia maji kwa nguvu upande wa chini wa majani.

Pili, changanya vijiko viwili vya chai vya sabuni laini ya maji katika lita moja ya maji. Jaribu kwenye majani machache na usubiri siku mbili. Yasipoungua, nyunyizia mti wote jioni. Sabuni huua mdudu aliyelowa tu, kwa hiyo rudia kila baada ya wiki moja, mara tatu. Badala yake, gramu 50 za mbegu za mwarobaini zilizotwangwa huweza kulowekwa usiku kucha katika lita moja ya maji, zikachujwa na kunyunyiziwa.

Tatu, wazuie sisimizi. Funga shina kwa utepe wa nailoni uliopakwa grisi, na ukate matawi yanayogusa ukuta. Punguza pia mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni, maana machipukizi mengi mororo huwavuta vidukari.

Sumu kali za shambani hazifai uani, penye watoto na matunda ya kuliwa. Isitoshe, huua mbawakawa wadogo wenye madoa ambao hula wafyonzaji. Thamani yao ilidhihirika California, Marekani, ambako mbawakawa walioletwa kutoka Australia kuanzia mwaka 1888 waliinusuru michungwa iliyokuwa ikiangamizwa na wadudu magamba.

Wadudu wakiisha, majani mapya hayatanata, na weusi huoshwa na mvua au kitambaa chenye maji.

Hata hivyo, vidukari wasipuuzwe. Baadhi yao hueneza virusi vya tristeza, vilivyoua mamilioni ya michungwa Amerika ya Kusini kuanzia miaka ya 1930. Mdimu ni miongoni mwa miti inayodhurika upesi, na virusi hivyo havina dawa. Mti ukiendelea kudhoofu na kunyauka baada ya wadudu kutoweka, aitwe bwana shamba auchunguze kabla vikonyo vyake havijapandwa kwingine.