Wi-Fi ya gesti na biashara ndogo: namna ya kuchagua vifaa bila kupoteza pesa

Siku hizi si ajabu kukuta kibao cha "Wi-Fi ipo" kwenye geti la gesti Kahama, Katoro, Geita mjini au Shinyanga. Tatizo linaanza mgeni akishafika chumbani. Karibu na mapokezi simu inashika vizuri, lakini chumba cha mwisho kule nyuma inazunguka tu. Umeme ukikatika, Wi-Fi nayo inazimika. Asubuhi mgeni anaaga, na safari ijayo analala kwa jirani.

Wageni wa ukanda wetu wanautegemea mtandao kwa kazi. Kuna mafundi na wakandarasi wanaohudumia migodi, madereva wa malori na watu wa ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Isaka na Mwanza. Wapo pia wanunuzi wa madini: tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe Machi 2019, mnunuzi anataka kuiona bei ya dunia kwenye simu yake kabla hajaenda sokoni. Na wakati wa maonesho ya teknolojia ya madini yanayofanyika Geita kila mwaka, vyumba hujaa na kila mgeni ana simu, wengine mbili.

Makala haya ni kwa mwenye gesti, baa, duka, stationari au ofisi ya uwakala anayetaka kununua vifaa vya Wi-Fi. Tunaeleza hatua kwa hatua, ili ukikaa na fundi ujue cha kumuuliza.

Kwanza: intaneti inaingiaje kwako?

Ruta haitengenezi intaneti. Inagawa tu ile inayoingia. Kama kinachoingia ni kidogo, hata ruta ya bei mbaya itagawa kidogo hicho hicho.

Mijini unaweza kupata faiba, yaani waya wa kioo unaoletwa mpaka kwenye jengo. Kama inafika mtaani kwako, anza kuulizia hiyo, maana haitegemei mnara wa simu ambao jioni unasongamana. Vijijini na kwenye machimbo, njia ya kawaida ni ruta ya laini ya simu ya 4G.

Kwa ruta ya laini, usichague mtandao kwa sababu ya tangazo. Azima laini za mitandao tofauti, weka kwenye simu moja, simama pale pale ruta itakapokaa, upime kasi mara tatu: asubuhi, mchana na saa 2 usiku. Kipimo cha saa 2 usiku ndicho cha kweli, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokuwa mtandaoni.

Kama mnara uko mbali, nunua ruta yenye matundu ya antena ya nje, kisha antena ifungwe juu ya nguzo na kuelekezwa kwenye mnara. Ruta isiyo na matundu hayo huwezi kuisaidia baadaye.

Laini isajiliwe kwa jina la biashara au la mmiliki. Ikisajiliwa kwa jina la mhudumu, siku akiondoka mtandao wa gesti unaweza kuondoka naye.

Pili: piga hesabu ya matumizi

Tuchukue mfano wa gesti ya vyumba 20 iliyojaa. Tuseme kuna simu 30. Saa za usiku, watu 10 wanaangalia video na 20 wako WhatsApp au wanasoma habari. Video ya ubora wa kati inakula kama megabiti 1.5 kwa sekunde, hivyo watu 10 ni 15. Wale wengine 20 tuwape megabiti 5 kwa pamoja. Jumla ni megabiti 20 kwa sekunde.

Sasa angalia bando. Video ya megabiti 1.5 kwa sekunde ikichezwa saa moja inatumia karibu MB 675. Watu 10 wakiangalia saa mbili mbili ni zaidi ya GB 13 kwa usiku mmoja, na kwa mwezi inakaribia GB 400. Hapo ndipo wengi wanapoumia: wananunua vifaa vizuri, halafu bando la mwezi linaisha wiki ya kwanza.

Kwa hiyo mambo mawili ni ya lazima. Tafuta kifurushi cha mwezi kisichopimwa kwa GB, na uulize kasi inashuka ukifika kiwango gani. Pili, nunua ruta inayoweza kumwekea kila mtumiaji kikomo cha kasi, kwa mfano megabiti 2. Bila kikomo, mgeni mmoja anayepakua filamu anawanyima wengine wote.

Tatu: ruta moja kubwa au vituo vidogo kadhaa?

Watu wengi hununua ruta moja yenye antena nyingi wakitegemea itafika kila chumba. Ukuta hauangalii idadi ya antena. Tofali nene, zege lenye nondo, mabati, tangi la maji na hata kioo kikubwa cha kujitazamia vyote vinapunguza au kurudisha mawimbi. Tena mazungumzo ni ya pande mbili: hata ruta ikifika mbali, simu ya mgeni ina nguvu ndogo ya kujibu.

Suluhisho ni kuwa na vituo kadhaa vya kurushia Wi-Fi, ambavyo mafundi huviita AP, vikiunganishwa kwa kebo na ruta kuu. Kwenye korido yenye vyumba pande zote mbili, anza kwa kukadiria kituo kimoja kwa vyumba 6 mpaka 8, kifungwe darini katikati ya korido. Kabla ya kutoboa ukuta, mwambie fundi akiwashe hapo kwa muda, ingia kila chumba, funga mlango, upime. Usikubali kipimo cha koridoni.

Kuna vifaa vya kurudia mawimbi vinavyochomekwa ukutani bila kebo. Vya bei nafuu hupokea na kurusha kwa redio ile ile, hivyo kasi hushuka karibu nusu. Vinafaa kwa chumba kimoja kilichobaki, lakini havifai kuwa msingi wa gesti nzima.

Nne: 2.4 au 5?

Kwenye boksi utaona gigahezi 2.4 na 5. Mawimbi ya 2.4 yanapenya ukuta vizuri zaidi lakini yanasongamana. Yale ya 5 yana kasi zaidi ila yanakufa upesi ukutani. Nunua kifaa chenye yote mawili. Usinunue cha 5 peke yake, kwa sababu simu nyingi za bei ya chini zinashika 2.4 tu.

Kwenye 2.4, vituo vyako vilivyo jirani vitumie chaneli 1, 6 na 11, kila kimoja ya kwake, maana hizo tatu haziingiliani.

Utaona pia maneno Wi-Fi 4, 5 na 6. Ni vizazi: namba ikiwa kubwa kifaa ni cha kisasa zaidi. Wi-Fi 5 inatosha gesti nyingi. Wi-Fi 6 husaidia pale watu wengi wanapokusanyika sehemu moja, kama ukumbi wa mikutano au baa yenye mpira. Lakini kama intaneti inayoingia ni megabiti 20, Wi-Fi 6 haitaigeuza kuwa 100.

Tano: kebo ndiyo mshipa

Kebo ya mtandao isizidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Chagua ya shaba tupu. Sokoni zipo za alumini iliyopakwa shaba, ambazo ni nyepesi, hukatika upesi na zinapoteza umeme njiani. Kuzitambua ni rahisi: kwangua uzi mmoja kwa kisu. Shaba tupu inabaki nyekundu mpaka ndani, alumini inatoa weupe. Kebo ya nje iwe ile nyeusi inayovumilia jua.

Vituo vingi hupokea umeme kupitia kebo hiyo hiyo ya mtandao, jambo linalokuondolea kazi ya kuvuta soketi darini. Hapa uwe makini: vipo vya volti 24 na vya volti 48. Ukichanganya kituo cha aina moja na chanzo cha aina nyingine, unaweza kukiunguza siku ya kwanza. Mwambie fundi asome kibandiko cha kila kifaa mbele yako.

Sita: umeme na radi

Ukanda wa Ziwa una radi nyingi, na mhanga wa kwanza mara nyingi ni kebo ndefu ya shaba. Usivute kebo ya shaba hewani kutoka jengo moja hadi jingine. Tumia faiba, au jozi ya antena zinazotazamana. Nguzo ya antena iwe na waya wa ardhini uliofungwa vizuri, na vifaa vipitie kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme. Mvua ya radi ikianza, kuchomoa plagi na kebo ya antena bado ni kinga nzuri, ilimradi uifanye kabla radi haijafika kwako.

Kuhusu umeme kukatika, vifaa hivi havili sana. Ruta, swichi na vituo vitatu kwa pamoja ni kama wati 50. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200. Kama ni ya asidi, usiitumie zaidi ya nusu ili idumu, hivyo una 600. Ukitoa upotevu wa inveta, unapata saa 10 hivi, karibu usiku mzima.

Saba: tenganisha wageni na biashara

Hili wengi wanalisahau, na ndilo lenye hasara kubwa zaidi. Kama mgeni na kompyuta ya mapokezi wako kwenye Wi-Fi moja yenye neno la siri moja, mgeni mwenye nia mbaya anaweza kujaribu kuingia kwenye kompyuta yako, kamera za ulinzi au printa.

Nunua ruta inayoweza kutengeneza mitandao miwili: mmoja wa wageni, mmoja wa ofisi. Kwenye ule wa wageni washa kipengele cha kuzuia simu moja kuiona nyingine. Tumia ulinzi wa WPA2 au WPA3. WEP ni ya zamani na inavunjwa kwa dakika chache. Badilisha neno la siri la kuingilia kwenye ruta yenyewe, kwa sababu lile la kiwandani mara nyingi linajulikana na yeyote. Fundi akimaliza kazi, akukabidhi maneno yote ya siri kwa maandishi.

Kumbuka pia sheria. Kwa nje, mawasiliano yote ya wageni yanaonekana yametoka kwenye laini yako. Mtu akitumia Wi-Fi yako kutapeli, wachunguzi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 wataanza na wewe. Vocha kwa kila mgeni, inayoisha anapoondoka, inasaidia kujua nani alikuwepo. Ila ukihifadhi majina na namba za wageni, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakutaka uzitunze vizuri. Na kama unataka kuuza intaneti kwa majirani, waulize kwanza TCRA, ambao wana ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Kuuza huduma ya mawasiliano si sawa na kumpa mgeni Wi-Fi ya chumba.

Nane: ununue nini?

Duka, stationari au ofisi ya wakala: ruta moja yenye mawimbi yote mawili na mtandao wa wageni inatosha.

Gesti ya vyumba 10 hadi 20: ruta inayoweka kikomo cha kasi na vocha, swichi inayotoa umeme kwenye kebo, na vituo viwili au vitatu vya darini.

Lodge yenye majengo mawili au zaidi: kama hapo juu, pamoja na faiba au jozi ya antena kati ya majengo, na kituo cha nje kwa ajili ya bustani au baa.

Majina utakayokutana nayo madukani ni kama TP-Link, MikroTik ya Latvia na Ubiquiti ya Marekani. MikroTik ina uwezo mkubwa wa vocha na vikomo kwa bei ya wastani, lakini inahitaji fundi anayeijua. TP-Link nyingi ni rahisi kuziendesha mwenyewe. Kigezo chetu ni hiki: nunua kile ambacho fundi wa karibu nawe anaweza kukitengeneza kikiharibika usiku wa Jumamosi.

Dai risiti ya EFD na dhamana iliyoandikwa. Ruta ya laini ina namba ya IMEI kwenye kibandiko kama simu, nayo unaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi kwenda 15090.

Mwisho, usimlipe fundi pesa yote kabla ya kupima. Ingia kila chumba na simu ya bei ya chini, funga mlango, piga simu ya video ya WhatsApp. Kisha zima umeme kwenye meini swichi uone kama simu haikatiki. Ikipita hapo, unaweza kutundika kibao chako getini.