Gome la Kinkina na Malaria ya Ubongo: Historia ya Tiba Moja, kwa Kuitazama Bunia

Bunia, makao makuu ya Jimbo la Ituri, imo katika nyanda zilizo magharibi ya Ziwa Albert, na malaria ni miongoni mwa maradhi yanayowaua watoto wengi huko. Katika sura yake iliyo kali, vimelea huzifanya chembe nyekundu za damu zinate kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo. Mishipa huziba na kuvuja, ubongo huvimba, mtoto hutukutika, kisha hupoteza fahamu.

Hali hiyo ya kutukutika Waswahili wengi huiita degedege. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 kutoka Bagamoyo, Tanzania, ulionyesha kuwa wazazi wengi waliihesabu kuwa shauri la mganga kwanza, na sindano iliogopwa kuwa yaweza kumwua mtoto mwenye degedege. Aghalabu jambo hili huelezwa kama ugomvi baina ya miti shamba na hospitali. Historia haiukubali mgawanyo huo.

Kwinini, iliyotawala hospitalini kwa miaka mingi, ni dawa ya mti. Gome la kinkina lilitoka milima ya Andes likafika Ulaya katika karne ya 17. Mwaka 1820 Pelletier na Caventou, mjini Paris, wakaitenga kwinini yenyewe. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, walikata njia ya karibu kwinini yote ya dunia, na mashamba ya kinkina ambayo Wabelgiji walikwisha kuyaanzisha Kivu, kusini ya Ituri, yakapata thamani mpya. Baadaye Bukavu ikawa na kiwanda chake. Mtu wa Bunia aliyeyaacha majani ya kichakani akakimbilia kwinini alikuwa akikimbilia mti mwingine, uliopimwa tu.

Lakini kwinini haipozi uvimbe wa ubongo, huua vimelea. Madaktari waliwahi kufikiri, na fikira yenyewe ilikuwa na mantiki, kwamba ukipunguzwa uvimbe mgonjwa atapona. Mwaka 1982 Warrell na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 100 huko Thailand. Waliopewa deksamethasoni, dawa kali ya kupunguza uvimbe, walikaa muda mrefu zaidi bila fahamu, wakapatwa zaidi na nimonia na kutokwa na damu tumboni, na vifo havikupungua. Ni vema jaribio hilo likumbukwe kila mmea unaposifiwa kuwa hupoza ubongo. Kurkumini, iliyomo katika manjano, imepunguza madhara hayo kwa panya wa maabara. Kwa mtoto mgonjwa haijathibitishwa.

Maendeleo yalikuja kwa mmea mwingine. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 Tu Youyou na wenzake nchini China waliipata artemisinini, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Artesunati, inayotokana nayo, huua vimelea vingali vichanga, kabla havijanata ubongoni. Jaribio lililotangazwa mwaka 2010, la watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwamo, lilionyesha vifo asilimia 10.9 kwa kwinini na 8.5 kwa artesunati.

Je, chai ya majani ya artemisia si dawa ile ile? Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiunga mkono mwaka 2019, kwa kuwa kiasi cha dawa hubadilika kikombe hadi kikombe na kiasi kidogo huweza kuvizoeza vimelea. (Jina la mwarobaini lenyewe huhesabu maradhi arobaini, halihesabu vijiko.) Tena mtoto aliyepoteza fahamu hawezi kumeza chai.

Hapo ndipo umbali unapokuwa jambo zito. Septemba 2002 hospitali ya Nyankunde, jirani ya Bunia, ilishambuliwa na kuporwa, na eneo zima likapoteza kimbilio. Kwa watoto wa vijiji vya mbali ilitengenezwa artesunati ya kuingizwa njia ya haja kubwa, ili apelekwe hospitali akiwa hai. Ilipofuatiliwa kati ya 2018 na 2020 katika Kongo, Uganda na Nigeria, haikuonekana kupunguza vifo: watoto wengi walipewa dozi ile ya kwanza, lakini matibabu yaliyopaswa kuifuata hayakukamilishwa.