Neno la Siri Liko kwa Mkutubi

Ukitaka kujua historia ya uchumi wetu usihangaike na hotuba za bajeti. Ingia maktaba ya mojawapo ya vyuo vikuu vyetu vikongwe, nenda kwenye rafu za majarida ya kitaalamu, ufuate miaka iliyoandikwa migongoni: 1974, 1975, 1976. Inakwenda vizuri tu, halafu mara nyingi, ukifika miaka ya themanini, kimya. Rafu inayofuata ina vumbi.

Majarida yale yalilipiwa kwa pauni na dola, na fedha za kigeni zilikuwa haba kuliko sukari. Tanzania ilipokubaliana na IMF mwaka 1986 na shilingi ikashushwa thamani, jarida lile lile likawa ghali maradufu bila mchapishaji kuongeza hata senti. Na wachapishaji nao walikuwa wakiongeza! Hata maktaba tajiri za Marekani zilipiga kelele. Za kwetu ziliacha kununua.

Basi intaneti ilipoingia, wengi walidhani mambo yamekwisha. Makala haisafiri tena kwa meli, haili stempu, haikwami forodhani. Kumbe mlango haukuondolewa, umehamishwa tu.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Chuo kinalipa, au kinasamehewa, kisha kinampelekea mchapishaji namba za mtandao wake, zile zinazoitwa anwani za IP. Ukiwa ndani ya mtandao huo, mtambo wa mchapishaji unaiangalia namba, unakuona wewe ni mtu wa nyumbani, unakupisha. Ukiwa nje unaonyeshwa muhtasari na bei. Hakuna anayekuuliza jina wala bidii yako. Huku kwetu mpango huo ulikwama mapema. Kabla ya waya wa SEACOM kufika pwani yetu mwaka 2009, vyuo vingi vilitegemea setilaiti, na anwani mara nyingi zilikuwa za kampuni iliyouza huduma, leo hii kesho ile. Utamtambuaje jirani asiye na namba ya nyumba?

Ndipo likaja neno la siri. Julai 2001 Shirika la Afya Duniani, likiongozwa na Gro Harlem Brundtland, lilitangaza makubaliano na wachapishaji wakubwa sita, na Januari 2002 mpango wa HINARI ukafunguliwa ukiwa na majarida ya afya yapatayo 1,500. Nchi ambazo pato la mtu halikufika dola 1,000 kwa mwaka zilipata bure. Kenya, Uganda na Tanzania zote zilikuwamo. Zilizozidi hapo hadi dola 3,000, kila taasisi ilitakiwa kutoa dola 1,000 kwa mwaka. Mwaka 2003 FAO nayo ikaleta AGORA kwa watu wa kilimo.

Taasisi ikijisajili ilipewa jina moja na neno la siri moja kwa watu wake wote, na mtunzaji wake alikuwa mkutubi. Hebu mfikirie mama huyu. Masharti yanamwambia asilitoe nje ya taasisi. Mlangoni kuna foleni ya wanafunzi wa udaktari na kompyuta mbili zinazofanya kazi. Akilibandika ukutani, wiki haiishi limefika mjini. Mtu mmoja akipakua makala mamia kwa usiku mmoja, mchapishaji anaweza kuifungia taasisi nzima. Akilifungia droo, eti anabana elimu. Wakubwa waliopigwa picha siku ya uzinduzi hawakukaa kwenye kiti hicho.

Njia nyingine ilikuwa ya chama, kama vile vyama vya kuchangiana tunavyovijua. Shirika la INASP la Oxford lilianza mwaka 2002 kujadiliana bei na wachapishaji kwa niaba ya nchi nzima nzima, na mwaka 2003 maktaba za Kenya zikaunda muungano wao, KLISC, zikichangiana ada. Mimi naiheshimu zaidi njia hii. Ni ya jasho, mwenye bajeti nono na mwenye bajeti nyembamba wanagombana juu ya nani atoe ngapi, lakini anayelipa ana mkataba wa kumwonyesha mchapishaji.

Maana cha bure kina mwenyewe. India, ambayo mwaka 2002 pato lake lilikuwa chini ya dola 1,000, haikuingizwa HINARI tangu mwanzo, kwa sababu wachapishaji walikuwa na soko huko. Januari 2011 ikawa zamu ya Bangladesh. Wachapishaji kadhaa walitoa majarida zaidi ya 2,500 kwenye mpango, kwa maelezo kwamba sasa wanafanya biashara nchini humo. Umaskini wa Bangladesh haukuwa umekwisha. Palikuwa pamepatikana wanunuzi kidogo. Madaktari na watafiti wakapiga makelele, habari ikaandikwa London, na kabla mwezi haujaisha wachapishaji wakaanza kurudi nyuma. Kwa hiyo makelele yanasaidia, ila mgonjwa wa wiki zile hakungoja.

Siku hizi vyuo vingi vinampa kila mtu akaunti yake, na unaweza kusoma ukiwa kitandani Mbagala. Akaunti hiyo kwa kawaida hufa ukishahitimu. Unapokea shahada Novemba, unapelekwa hospitali ya wilaya ambayo haijajisajili popote, unakutana na ugonjwa usioufahamu, unatafuta makala. Unaonyeshwa muhtasari na bei. Unampigia simu mdogo wako aliye mwaka wa tatu.