Barabara ya Mfalme Aliyepiga Marufuku Sherehe

Haya, leo nalipa deni. Tangu nirudi Bongo kutoka Norway kuna swali nimeulizwa kwenye daladala, kwenye chumba cha habari na hata msibani: "Sasa huko majuu, wikiendi mlikuwa mnakula raha gani?" Muulizaji huwa anasubiri habari za disko na theluji, na jibu langu humvunja moyo. Nilikaa Oslo mwaka mmoja wa masomo, kuanzia Agosti 2022, na sherehe kubwa kuliko zote nilizoona kule ilikuwa ya watoto wa shule ya msingi wanaotembea na vibendera. Ngoja nieleze, maana habari hii ina historia ndefu, na mwisho wake unatugusa.

Kwanza mjue maisha yenyewe. Kwenye basi Mnorwe hakusalimii. Akikuta kiti kitupu pembeni yako, anaona afadhali asimame. Wiki za mwanzo nilijinusa kwapa nikidhani tatizo ni mimi. Bia baa ina bei ya kukutoa machozi, kwa hiyo vijana hunywea nyumbani kwanza, wakaingia mjini saa tano usiku wakiwa tayari wamechangamka. Mvinyo na pombe kali zinauzwa kwenye maduka ya shirika la serikali, Vinmonopolet, lililoanzishwa mwaka 1922, nayo hufungwa mapema. Ukichelewa Jumamosi, imekula kwako mpaka Jumatatu.

Jumapili mji mzima unahamia msituni. Reli ya Holmenkollen, iliyofunguliwa mwaka 1898, mpaka leo hupandisha watu mlimani na ski zao mabegani. Sheria ya mwaka 1957 inampa kila mtu haki ya kupita porini, hata kama pori lina mwenyewe, mradi asiharibu. Mwenzangu mmoja wa darasani, ambaye miezi miwili alikuwa ananipita kama nguzo ya umeme, siku moja akaniambia twende. Tukabeba mikate, machungwa na chai ya chupa. Ajabu ni kwamba kule msituni kila tuliyepishana naye alitusalimia! Nikabaki kinywa wazi. Kumbe salamu wanazo, ila wanaziacha huko.

Nilimsimulia mzee mmoja wa Kitanzania aliyekuwa ameishi Oslo tangu miaka ya 80, ambaye sisi vijana wote tulimwita Mjomba. Akacheka. "Mpwa wangu, usiwahukumu hawa watu kabla hujaiona siku yao. Subiri Mei."

Nikasubiri. Asubuhi ya tarehe 17 Mei 2023 nilitoka nje nikadhani nimeamkia nchi nyingine. Jirani ambaye hakuwahi kunitazama usoni alinishika mkono: "Gratulerer med dagen!" Yaani, hongera kwa siku hii. Kina mama walivaa bunad, mavazi ya asili ya wilaya zao yenye nakshi na vifungo vya fedha. Vijana wanaomaliza sekondari walivaa ovaroli nyekundu, wamechoka kwa sherehe za wiki kadhaa. Watoto walikuwa na aiskrimu na soseji mkononi, na siku hiyo hakuna mzazi wa kuwakatalia. Halafu maandamano yakaanza: shule baada ya shule, kila moja na bendera yake, bendi za watoto zikipiga tarumbeta, wote wakipanda barabara ya Karl Johan kuelekea ikulu. Juu kwenye roshani familia ya kifalme imesimama, inapunga mkono. Saa zikapita, inapunga tu. Nilitafuta vifaru, nilitafuta makombora. Hakuna. Upande wa jeshi niliona bendi ya gadi ya mfalme, basi.

Sasa tuingie kwenye historia. Kwa zaidi ya miaka 400 Norway ilikuwa chini ya taji moja na Denmark. Januari 1814, baada ya Denmark kuwa upande wa Napoleon na kushindwa, ililazimishwa kuikabidhi Norway kwa Sweden, kama mtu anavyolipa deni kwa ng'ombe. Wanorwe hawakukubali kuwa ng'ombe. Wajumbe 112 wakakutana kijijini Eidsvoll, wakaandika katiba, na tarehe 17 Mei ikawa siku yake. Jeshi la Sweden lilikuja, na kufikia Novemba Norway ilikuwa imeingizwa kwenye muungano na Sweden. Lakini katiba yao, baada ya marekebisho, ilibaki.

Mfalme aliyewatawala tangu mwaka 1818 ndiye Karl Johan, Mfaransa kwa kuzaliwa, aliyekuwa kamanda wa Napoleon kabla ya kuchukuliwa na Waswidi kuwa mrithi wa kiti chao. Yeye aliona kusherehekea 17 Mei ni kumtukana: kwa nini washangilie siku ya katiba yao badala ya siku ya muungano wake? Mwaka 1828 akapiga marufuku. Tarehe 17 Mei 1829, watu mjini Christiania, ndiyo Oslo ya leo, walikwenda kuitazama meli ya mvuke iliyoitwa Constitutionen, yaani Katiba. Wakashangilia, kisha wakakusanyika kwenye uwanja wa soko. Askari wa farasi wakatumwa kuwatawanya. Mmoja wa waliokuwepo alikuwa mwanachuo wa miaka 20, Henrik Wergeland, ambaye alipigwa kwa ubapa wa upanga. Baadaye akawa mshairi mkubwa wa taifa lile. Marufuku ile haikudumu. Huwezi kumfukuza kila anayesema hongera barabarani.

Watoto waliingia baadaye. Mwaka 1870, kwa wazo la mwandishi Bjørnstjerne Bjørnson, wavulana wa shule waliandamana mjini. Wasichana walisubiri mpaka 1889. Mwaka 1905 muungano na Sweden ukavunjwa, na kwenye kura ya maoni wanaume 368,208 walisema ndiyo, 184 wakasema hapana. Wanawake hawakuwa na kura, kwa hiyo walikusanya saini zao wenyewe, zaidi ya 240,000. Kisha wakaja Wajerumani, 1940, sherehe ikapigwa marufuku tena. Norway ilikombolewa tarehe 8 Mei 1945, na siku tisa baadaye barabara zilikuwa zimejaa.

Msije mkadhani nawapamba. Katiba ile ile ya Eidsvoll ilikuwa na kifungu cha kuwazuia Wayahudi kuingia nchini. Wergeland alikipigania kifutwe mpaka akafa mwaka 1845, na kilifutwa mwaka 1851 akiwa kaburini. Ndiyo maana hadi leo, kila 17 Mei, vijana wa Kiyahudi wa Oslo huweka shada kwenye kaburi lake. Na mwaka 1999, mwanasiasa mzaliwa wa Pakistan, Rubina Rana, alipoongoza kamati ya sherehe hiyo Oslo, alitishiwa kuuawa. Aliongoza maandamano hivyo hivyo. Kwa hiyo swali la hii sherehe ni ya nani halijawahi kuisha hata kwao. Kila kizazi kina mtu wa kulijibu kwa miguu yake.

Ninyi mnaosoma hapa mmeshagundua kichekesho? Barabara wanayopita wale watoto imepewa jina la Karl Johan. Mwenyewe yupo pale mbele ya ikulu, sanamu ya shaba juu ya farasi. Kila mwaka yule mfalme aliyepiga marufuku sherehe anapitiwa na maelfu ya watoto wenye tarumbeta. Hawakuhitaji kumwangusha.

Nilikuwa nimesimama na Mjomba karibu na sanamu hiyo shule ya binti yake ilipopita. Binti ana miaka tisa, ana vibendera viwili, cha Norway na cha kwetu. Alipotuona akaita kwa Kiswahili, "Baba! Baba!" Mjomba akashindwa kupiga picha, mkono unatetemeka. Jioni tukiwa mezani kwake, binti akauliza: "Baba, na Tanzania watoto wanaandamana barabara gani?"

Mjomba akanitazama mimi. Mimi nikatazama sahani.

Maana mimi nilikuwa mtoto wa halaiki. Mwaka 2011, nchi ilipotimiza miaka 50, nilikuwa darasa la tano, na tulifanya mazoezi ya maumbo juani wiki nyingi mpaka tukayaota. Siku yenyewe ilikuwa tamu, sitasema uongo. Lakini tulikuwa tunaonyesha, na wakubwa wanatazama. Mwaka 2015 Rais Magufuli akaifuta sherehe ya 9 Desemba, tukaagizwa kufanya usafi kwa ajili ya kipindupindu. Mwaka 2022 Rais Samia naye akaifuta, fedha zikaelekezwa kwenye mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Sababu zote mbili ni nzuri, na nilipiga makofi mara zote mbili. Swali lililonijia kwenye meza ya Mjomba ni jingine: Karl Johan alikuwa na farasi na mapanga akashindwa kuifuta 17 Mei. Yetu inafutika kwa tangazo moja, na mtaani hakuna anayeshtuka. Je, ilikuwa yetu?

Halafu nikakumbuka kitu. Desemba ile ile ya 2022, giza likiingia Oslo kabla ya saa kumi jioni, sisi Watanzania tulikodi ukumbi mdogo wa mtaa. Kila mtu alichanga, mmoja akaleta mchele, mwingine viungo, tukapika pilau, watoto wakacheza, na baada ya hapo tukasafisha ukumbi wote kwa msaragambo. Nyumbani sherehe ilikuwa imefutwa. Yetu haikufutwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameiamuru.

Nilirudi. Asubuhi ya 9 Desemba 2023 nikaingia jikoni kwa mama.

"Shikamoo mama. Leo tunapika nini?"

"Marahaba. Kwani leo kuna nini?"

Nikamwambia. Akafikiri kidogo, akafuta mikono kwenye kanga.

"Basi nenda kachukue mchele kilo mbili. Na uwaite watoto wa jirani."