Milimita 67 za historia ya reli yetu

Wadau, kwetu Mbinga hatuna reli. Gunia la kahawa linaondoka kwa lori kwenda Songea, na ukitaka kuona treni inabidi usogee mpaka Makambako, kwenye reli ya TAZARA. Labda ndiyo maana nimeshikwa na ugonjwa wa mabehewa madogo ya plastiki, yale ya kuunga kwa gundi. Nataka kuipanga mezani historia ya mabehewa yetu ya mizigo, na iwe ya kweli.

Wengi huchukua behewa lolote la Marekani, wakalipaka rangi na kuandika TAZARA ubavuni. Reli za Marekani zina upana wa milimita 1435. Hata behewa la Kichina halifai hivi hivi. China ndiyo iliyoijenga TAZARA kati ya 1970 na 1975, lakini reli za kwao ni 1435, wakati TAZARA ni 1067 ili iungane na Zambia na nchi za kusini. Reli ya Kati, waliyoanza kuijenga Wajerumani mwaka 1905, ni 1000.

Sasa hesabu. Kwenye kipimo cha 1:87, ambacho ndicho maarufu zaidi, 1067 inakuwa milimita 12.3 na 1000 inakuwa 11.5. Reli ya kuchezea ya milimita 12 inabeba zote mbili! Kwa TAZARA peke yake mimi napenda 1:64 juu ya reli ya 16.5, kama wafanyavyo wenzetu wa Afrika Kusini na New Zealand, ambao reli zao pia ni 1067.

Ukishapata upana, chagua mwaka kabla ya rangi. Kuanzia 1948 Reli ya Kati iliendeshwa na shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki. Bandari zikatengwa 1969, na Jumuiya ilipovunjika 1977 ikazaliwa TRC. Kwa hiyo behewa la TRC haliwezi kusimama kwenye reli ya karanga ya Mtwara–Nachingwea, iliyofungwa 1962.

Mtu atasema milimita moja mezani ni kitu gani? Ardhini ilikuwa kikwazo. Reli hizi mbili zilikutana Kidatu, lakini behewa la huku halikuweza kupita kule. Mwaka 1998 kikajengwa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa moja kwenda jingine. Milimita 67 tu!

Na sisi yanatuhusu. Reli inayopangwa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay ni ya 1435, upana wa tatu nchini. Siku ikijengwa, swali la kwanza la mkulima wa Mbinga lisiwe rangi ya treni. Aulize behewa lenye kahawa yake litafika wapi kabla ya kupakuliwa.